Ndoto bila hesabu, hesabu bila ndoto: Jinsi ya kuvioanisha nyumbani na kikundini

Hebu fikiria mume na mke wanaoishi katika nyumba ya kupanga mjini Kitengela. Miaka michache iliyopita walinunua ploti ya futi 50 kwa 100, ndani kidogo kutoka Barabara ya Namanga. Kila Jumapili alasiri mume hutaka waende kuitazama. Husimama katikati ya nyasi kavu na kumwonyesha mkewe kwa kidole: sebule itakuwa hapa, vyumba vya watoto kule juu, na roshani ya kutazamia vilima vya Ngong itakuwa upande huu.

Mke naye ana daftari. Humo ameandika karo ya watoto wawili, kodi ya nyumba, maji yanayoletwa kwa lori, na salio la mkopo wa chama cha akiba. "Baba Watoto," humwambia, "roshani ya nini na hata choo hatujachimba?" Mume hukunja uso, nao hurudi nyumbani bila kusemezana. Usiku kila mmoja huugeukia ukuta wake, huyu akiiwaza roshani na yule akijumlisha madeni. Usingizi hauji kwa yeyote.

Watu hawa ni wa mfano tu, lakini bila shaka unawafahamu wengine kama wao. Huenda hata ni wewe na mwenzako. Huenda pia umewaona katika kamati ya shule, katika kikundi cha akina mama, au katika biashara ya ndugu wawili. Kuna anayeona mbali na kuna anayetazama mfukoni. Kila mmoja humwona mwenzake kuwa ndiye tatizo.

Somo letu la wiki hii linahusu namna ya kuziweka akili hizi mbili katika nyumba moja bila kuumizana. Ni somo la afya kwa sababu, kama tutakavyoona, mzozo wa aina hii hauishii mdomoni. Huingia mwilini.

MJI WA NDOTO

Tumeichagua Kitengela kwa sababu ni vigumu kupata mahali penye ndoto nyingi kuliko hapo. Ardhi hiyo ya Wamaasai ilikuwa ranchi ya pamoja hadi mwaka 1988, ilipogawanywa na kila familia ikapata kipande chake. Miaka miwili baadaye serikali iliunda mamlaka ya kusimamia viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, na viwanda hivyo vikajengwa Athi River, karibu kabisa na Kitengela. Wafanyakazi walihitaji mahali pa kulala, na wakazi wa Nairobi nao walitafuta ploti za bei nafuu. Kufikia sensa ya mwaka 2019, mji huo ulikuwa na zaidi ya watu 150,000.

Kila mmoja wao alifika na picha fulani kichwani: nyumba yake mwenyewe, duka, shamba la kuku, shule nzuri ya watoto. Hilo ni jambo jema. Bila picha hiyo hakuna ambaye angekubali kujinyima kwa miaka kumi. Hata hivyo, ukipita leo utaona kuta nyingi zilizofika usawa wa madirisha na kuachwa hapo, magugu yakiota vyumbani. Kila ukuta wa namna hiyo una hadithi yake ya hesabu, na aghalabu una hadithi ya ugomvi pia.

MZOZO UNAVYOUMIZA MWILI

Mtu anapogombana, mwili hujiandaa kana kwamba amekutana na mnyama mkali. Moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, na homoni za dharura humiminika katika damu. Hali hiyo ikipita upesi haina madhara makubwa. Ikijirudia kila juma kwa miaka, huvuruga usingizi, hufanya iwe vigumu kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, na hudhoofisha kinga ya mwili.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio huko Marekani, wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser, walilichunguza jambo hili kwa njia ya ajabu kidogo. Waliwaalika wanandoa 42, wakawatia vidonda vidogo mkononi, kisha wakawaacha wazungumze. Katika ziara moja walizungumza kwa kutiana moyo, na katika nyingine wakazungumzia jambo wanalobishania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Vidonda vilichelewa kupona baada ya mabishano. Zaidi ya hayo, wanandoa waliozoea kurushiana maneno ya uchungu walipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ikilinganishwa na wale waliokuwa wapole.

Tuweke jambo moja wazi, kwa sababu wasomaji wengi huamini kwamba mawazo ndiyo huleta vidonda vya tumbo. Vidonda hivyo kwa kawaida husababishwa na bakteria wanaoitwa Helicobacter pylori, au na kutumia mno dawa fulani za kutuliza maumivu. Wasiwasi unaweza kuzidisha maumivu, lakini ukiwa na dalili, nenda ukapimwe. Usimwachie mwenzako lawama ambayo ni ya bakteria.

KIJANA NA SIMBA

Sasa tuwaache wanandoa wetu kidogo, tumwangalie mtu halisi wa huko huko Kitengela, ambaye ndoto na hesabu zilikutana kichwani mwake akiwa bado mtoto.

Richard Turere alikulia katika boma la Kimaasai kwenye mpaka wa kusini wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Upande huo wa mbuga hauna ua, kwa hiyo pundamilia na nyumbu hutoka kwenda malishoni na simba huwafuata. Tangu akiwa na umri wa miaka tisa hivi, ilikuwa kazi yake kulinda ng'ombe wa baba yake. Siku moja familia iliamka na kukuta fahali wao wa pekee ameuawa.

Kijana huyo aliota jambo ambalo mtu mzima angeliona la kitoto. Alitaka simba wasije tena, na wala asiue hata mmoja. Kwanza alijaribu moto, akifikiri simba huuogopa. Akagundua kwamba moto uliwasaidia kuona vizuri ndani ya zizi. Kisha akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba walirudi nyuma. Usiku wa pili walitambua kwamba kitu hicho hakisogei, wakaingia na kuua.

Usiku mmoja akiwa anatembea na tochi kuzunguka zizi, aliona kwamba simba hawakuja. Hapo ndipo alipotambua kwamba wanaogopa mwanga unaosogea. Akachukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha indiketa kilichotolewa kwenye pikipiki, swichi, balbu za tochi zilizoharibika, na paneli ya sola ya kuchaji betri. Akazipanga balbu kuelekea nje ya zizi, ziwake na kuzimika kwa zamu, ili simba adhani kuna mtu anayezunguka na tochi. Alikuwa na miaka 11. Mvulana alilala, na ng'ombe wakalala.

Jirani mmoja, bibi mwenye mifugo iliyokuwa ikiuawa, alimwomba amfungie taa hizo. Kufikia mwaka 2013, alipokwenda California nchini Marekani kueleza uvumbuzi wake katika mkutano wa TED, alikuwa amezifunga katika boma saba. Wakati huo alikuwa tayari amepata nafasi ya kusoma katika shule ya Brookhouse, na mwaka 2023 aliteuliwa miongoni mwa wavumbuzi chipukizi waliowania tuzo ya Shirika la Hataza la Ulaya.

Tunajifunza nini hapa? Ndoto ya Turere ilikuwa kubwa, lakini kila jaribio lake lilikuwa dogo na la bei rahisi. Moto ulipokataa, hakuitetea hoja ya moto kwa miaka mitatu. Aliuliza ni nini kilichokataa, akasonga mbele. Tena kulikuwa na watu waliomvumilia. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyojifunza umeme kwa kuifungua redio mpya ya mama yake hadi ikaharibika, na jinsi mama alivyokasirika. Hasira ya mama ilikuwa ya haki, kwani redio ni mali. Lakini hasira hiyo haikumfanya mtoto aache kushika nyaya.

Na uzito wa jambo lenyewe usisahauliwe. Mwezi Juni 2012, huko huko Kitengela, wakazi waliochoshwa na kuuliwa mifugo waliwaua simba sita kwa siku moja. Mahali ambapo ndoto hukosa njia ya kutekelezwa, hasira hutafuta njia yake.

NDOTO TUPU HULEWESHA

Wapo wanaofundisha kwamba ukiliwaza jambo zuri kwa nguvu, litakuja lenyewe. Utafiti hauungi mkono fundisho hilo. Mwaka 1991 Gabriele Oettingen, mtaalamu wa saikolojia kutoka Ujerumani, na mwenzake Thomas Wadden walichapisha habari za wanawake waliokuwa katika mpango wa mwaka mmoja wa kupunguza unene. Wale walioamini kwamba wataweza walipungua zaidi, kama ungetarajia. Lakini wale waliojipamba sana katika mawazo yao, wakijiona tayari wembamba na wanaosifiwa na kila mtu, walipungua kilo 11 hivi chini ya wenzao ambao picha zao zilikuwa na mashaka ndani yake.

Uchunguzi wa baadaye, uliochapishwa mwaka 2011, ulipendekeza sababu. Mtu anapojifurahisha kwa picha tamu ya mafanikio, shinikizo lake la damu hushuka kana kwamba kazi imekwisha. Mwili umeshaonja matunda, basi kwa nini upande mti? Hii ndiyo hali ya yule bwana anayerudi kutoka kwenye ploti akiwa na furaha tele, na mwezi unaofuata hajaweka hata shilingi.

Dawa anayoipendekeza Oettingen ni rahisi. Liwaze jambo unalolitaka. Liwaze tunda lake bora. Kisha, papo hapo, kiwaze kizuizi kikubwa kilicho ndani yako mwenyewe. Mwisho, panga utakachofanya kizuizi hicho kikitokea. Utaratibu huu haufai kupinduliwa. Ukianza na vizuizi, utakata tamaa kabla ya kuota.

HESABU TUPU NAYO HUUA

Yule mwenye daftari asifurahi mapema. Kuna nyumba ambamo kila wazo hupokewa kwa neno "haiwezekani", mpaka watoto wanaacha kusema wanayofikiri. Humo hakuna madeni, lakini hakuna uchangamfu pia.

John Gottman wa Chuo Kikuu cha Washington, ambaye amewachunguza wanandoa kwa miongo kadhaa, alikadiria kwamba asilimia 69 hivi ya mizozo ya nyumbani haiishi kabisa, kwa sababu hutokana na tofauti za tabia na mahitaji. Wanandoa wenye furaha wanayo mizozo hiyo pia. Wamejifunza tu kuizungumzia kwa heshima. Gottman aliona kwamba mzozo unapokwama kabisa, mara nyingi kuna ndoto iliyojificha chini yake, ambayo mwenyewe hajawahi kuitamka.

Turudi kwa wanandoa wetu. Tuseme mume alikulia katika chumba kimoja na ndugu sita, mlango ukifunguka kwenye mtaro. Roshani kwake ni mahali pa kuvuta pumzi. Tuseme mke, akiwa darasa la saba, aliona ng'ombe wa baba yake wakipigwa mnada kwa sababu ya mkopo. Daftari lake ni ua unaozuia siku hiyo isirudi. Yeye pia anaota. Anaota nyumba ambayo hakuna atakayekuja kubisha hodi na karatasi za deni. Kwa miaka minne wamebishana juu ya saruji na mabati, na hakuna aliyejua mwenzake analinda nini.

HATUA TANO KWA WANANDOA

1. Chagueni wakati. Msizungumze usiku mkiwa mmechoka, wala siku ya kulipa kodi. Asubuhi ya siku ya mapumziko baada ya chai inafaa. Wekeni simu mbali.

2. Anzeni na zamu ya ndoto. Mmoja aeleze kwa dakika 15 anachokitamani. Mwenzake aruhusiwe maswali ya aina mbili tu: "Ulianza kulitamani lini?" na "Kwa nini ni muhimu kwako?" Bei isitajwe kabisa. Kisha badilishaneni. Mwenye daftari naye aeleze ndoto yake, kwani anayo.

3. Pumzikeni, kisha iwe zamu ya hesabu. Hapa kuna siri ndogo: kalamu aishike yule anayeota. Yeye ndiye aandike mapato, karo, chakula, bima ya afya na madeni. Mwenzake naye apewe kazi ya kutafuta njia ya kuiokoa ndoto. Mkibadilishana kazi namna hii, kila mmoja hugundua kwamba anaweza kufanya ile aliyodhani ni ya mwenzake.

4. Kateni kipande kidogo. Ulizaneni: ni jaribio gani dogo ambalo likishindwa halitatuumiza? Kwa mfano, sehemu kubwa ya Kitengela ina udongo mweusi ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, nao hupasua kuta zilizojengwa kwa msingi hafifu. Kabla ya kubishana juu ya roshani, mlipeni mtaalamu apime udongo na aseme msingi unahitaji nini ili siku moja uweze kubeba ghorofa. Ada hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya nyumba nzima, na jibu lake litakata mabishano mengi. Hapo mume amepata ghorofa katika msingi, na mke amepata hakika.

5. Andikeni "iwapo" na "basi". Iwapo karo itapanda, basi ujenzi utasimama muhula mmoja. Iwapo mmoja wetu atapoteza kazi, basi hatutachukua mkopo mpya. Maamuzi yaliyofanywa mkiwa watulivu huwaokoa siku mtakapokuwa na hofu. Andikeni pia mambo ambayo hayataguswa kamwe kwa ajili ya ndoto yoyote, kama vile chakula cha watoto na matibabu.

Wahenga walisema mipango si matumizi. Kwa hiyo rudieni mazungumzo haya kila baada ya miezi mitatu.

KATIKA CHAMA NA KAMATI

Yanayotokea kwa watu wawili hutokea pia kwa watu 20, ila kelele huwa kubwa zaidi. Mwaka 1953 Mmarekani Alex Osborn aliandika kwamba kikundi kinachotafuta mawazo mapya kizuie kukosoana kwanza, mpaka mawazo yote yawe mezani. Ushauri huo ni mzuri, lakini una upungufu. Uchunguzi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Yale na kuchapishwa mwaka 1958 ulionyesha kwamba watu wanne wakiwaza kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakakusanywa, huleta mawazo mengi kuliko wanne hao wakiwaza kwa pamoja. Kikundini wengine huona haya, na wengine humsubiri mwenye sauti kubwa. Kwa hiyo mwenyekiti mwenye busara huwapa wanachama karatasi waandike kwanza, ndipo wasome.

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama kinachotaka kuchimba kisima cha mashine. Katika Kaunti ya Kajiado maji ni shida ya kila siku, na ndoto hiyo ni njema mno. Mama mmoja anainua mkono na kuuliza, "Dada zangu, maji hayo yatapimwa?" Wenzake wanaguna, wakimwona mkinzani. Kumbe swali lake ni uhai. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za kaunti hiyo yana madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu kuwa miligramu 1.5 kwa lita moja. Mtoto anayekunywa maji yanayozidi sana kiwango hicho wakati meno yake ya ukubwani yanakomaa hupata meno yenye madoa ya kahawia yasiyosuguika, na kiasi kikubwa zaidi kwa miaka mingi huharibu mifupa. Kuyachemsha maji hakuondoi floraidi.

Swali hilo likiulizwa kabla ya kuchangisha pesa, kikundi kitapanga gharama ya kupima maji na, ikilazimu, ya kuyachuja. Likiulizwa baada ya kisima kuzinduliwa kwa nyimbo na mbuzi kuchinjwa, kikundi kitavunjika.

Lakini mama huyo naye anahitaji kusaidiwa asionekane adui. Mtaalamu Gary Klein alieleza njia moja mwaka 2007. Kabla ya kuanza kazi, wanachama wote waambiwe wajifanye kwamba mradi umekufa kabisa. Kila mmoja aandike sababu zilizouua. Hapo kasoro zinakuwa kazi ya kila mtu, na anayezitaja anasifiwa badala ya kununiwa.

Kitengela yenyewe ina mfano wa ndoto ya pamoja iliyopigiwa hesabu. Mwaka 2000 chama cha Marafiki wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi kilianzisha mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari moja kwa mwaka, ili wasizungushe ua na waache wanyama wa pori wapite. Kiasi hicho si kikubwa. Ustadi wake ulikuwa katika tarehe. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka ili yalingane na kufunguliwa kwa shule. Aliyeota nyumbu wakipita alikuwa amejifunza kwanza kile kinachomnyima mfugaji usingizi mwezi Januari. Udhaifu wake ulikuwa kwamba fedha zilitegemea wafadhili, na ndoto inayolipiwa na mtu mwingine haina budi kujiuliza itaishi vipi siku mlipaji akichoka.

LINI UMWONE DAKTARI?

Mara chache tofauti hizi hupita mipaka ya tabia na kuwa ugonjwa. Angalia dalili hizi.

Mtu akianza ghafla kulala saa mbili au tatu tu bila kuhisi uchovu, akazungumza mbio mbio, akawa na mipango kumi kwa siku moja, na akatumia pesa zote au kuuza mali bila kumsikia yeyote, kwa muda wa juma moja au zaidi, huenda ni ugonjwa wa akili unaotibika. Usimpige wala kumkemea. Mpeleke hospitalini.

Vivyo hivyo, mtu akiwa na wasiwasi kila siku kwa miezi, au akapoteza hamu ya chakula na ya mambo aliyoyapenda, akajiona hana thamani kwa majuma mawili au zaidi, hiyo si "kuwa makini" tena. Naye aonwe na daktari. Akitaja kujiua, msimwache peke yake hata kidogo, na apelekwe siku hiyo hiyo. Ukiwa Kitengela au mji wa Kajiado, anza na hospitali ya umma iliyo karibu nawe.

Tena, ikiwa nyumbani kuna kipigo au vitisho, hatua tano tulizotaja hazifai. Anayepigwa atafute usalama kwanza.

JIPIME MWENYEWE

Jibu maswali haya kwa kweli, kisha umpe mwenzako ajibu juu yako:

1. Mara ya mwisho mwenzangu aliponiambia wazo jipya, neno langu la kwanza lilikuwa swali au lilikuwa "hapana"?

2. Je, ninaijua sababu ya ndoto yake kubwa, au ninajua bei yake tu?

3. Je, ninaweza kutaja bila kutazama popote kiasi cha pesa tunachodaiwa leo?

4. Kuna jambo nililoanza mwaka huu likakataa, nami nikakubali kwamba limekataa?

5. Katika kikundi changu, nani huuliza maswali magumu, na huwa tunamtendea vipi?

Ikiwa swali la kwanza na la pili yamekuchoma, unahitaji kusikiliza zaidi. Ikiwa ni la tatu na la nne, nunua daftari. La tano ni la viongozi, nao walitafakari kabla ya mkutano ujao.

Na wale wanandoa wetu? Tuseme walijaribu. Jumapili moja walikwenda kwenye ploti, mume akiwa na daftari na mke akiwa na kamba na vigingi. Walipima vyumba viwili, choo na mahali pa tangi la maji, wakapigilia vigingi vyao ardhini. Kisha mke akapiga hatua chache mbele, akatazama juu kuelekea Ngong, na kumwuliza mumewe, "Roshani ulisema itakuwa upande gani?" Mume akamwonyesha. Akafungua daftari, na chini kabisa ya ukurasa, baada ya madeni yote, akaandika neno "roshani" na kando yake mwaka, kwa penseli.